Nilivyoenda Lamu kusikiliza habari za wazimu

Nilipomwambia mama naenda Lamu kusikiliza mihadhara ya historia ya wazimu na tiba yake, alinitazama kisha akasema, "Wazimu uko hapa hapa nyumbani, wewe waufuata mpaka Lamu?" Alikuwa anamsema mjomba, nduguye wa tumbo moja, tunaishi naye hapa Malindi miaka mingi sasa, na mjomba mwenyewe alikuwa palepale mkekani anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. Aliuliza tu nitarudi lini.

Basi linatoka Mombasa linatupitia hapa kwetu. Tuliambiwa saa mbili, likaja karibu saa nne. Kutoka Garsen kwenda mbele ni ukaguzi juu ya ukaguzi, teremka, kitambulisho mkononi, panga laini, panda tena, ukishapata usingizi tu unaamshwa uteremke. Kijana aliyekaa ubavuni mwangu aliongea peke yake njia nzima, anacheka, anagomba, mi nikaanza kujisogeza dirishani kidogo kidogo, kumbe ana kidude cha simu sikioni. Nikajionea haya, manake ndio kwanza naenda kujifunza mambo ya akili na nishamhukumu mtoto wa watu. Mokowe tukapanda boti, jua linateremka, na nilipokanyaga gati la Lamu kitu cha kwanza kilichonipokea ni punda aliyekataa katakata kunipisha njia.

Mihadhara ilikuwa siku mbili, baada ya isha, ndani ya ua wa Ngome. Mzungumzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, muuguzi wa wagonjwa wa akili miaka mingi kabla hajawa mwalimu, na alianza na pale pale tulipokaa. Akasema Ngome hii ilifanywa jela mwaka 1910 ikabaki jela mpaka 1984, na mwaka huo huo wa 1910 ndio serikali ya kikoloni ilichukua majengo ya Nairobi yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui ikayafanya nyumba ya vichaa, ambayo leo ndio hospitali ya akili ya Mathari. Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao, hata wazimu ulikuwa na madaraja. Nikatazama zile kuta nene nikahisi kibaridi, na si upepo wa bahari.

Halafu maikrofoni ikazima. Wakahangaika nayo weee, mwisho mama wa watu akaamua kupaza sauti tu, na kusema kweli ikawa bora.

Alipofika Cairo watu walichangamka. Hospitali ya Sultani Qalawun, mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo ndani na wakitibiwa kama wagonjwa wengine. Mzee mmoja wa kofia ya vito akauliza, "Na mlipaji alikuwa nani?" Akajibiwa wakfu, mapato ya mali iliyowekwa kwa ajili ya hospitali, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya jirani yake. Kwa upande wa London alitaja hospitali ya Bethlem, iliyoanza 1247, ambako baadaye watu walikuwa wakiingia kutazama vichaa kama mchezo, na mambo hayo yaliendelea mpaka 1770. Watoto waliokuwa wanachungulia mlangoni wakacheka. Hakuna aliyewakemea, manake hapa pwani nani hajawahi kumkimbilia kichaa barabarani akiwa mtoto? Mi nimewahi.

Kitu kilichotunyamazisha wote ni habari ya Carothers. Huyu alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, hakuwa amesomea maradhi ya akili, akakabidhiwa Mathari mwaka 1938 akaishika mpaka 1950. Mwaka 1951 akaandika kwamba Mwafrika mzima asiye na ugonjwa wowote anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na shirika la afya la dunia likamchapishia kitabu 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Yaani sisi sote mle uani, imamu, wavuvi, mama muuza mahamri na mimi, tumezaliwa tumeshapasuliwa! Wagonjwa aliowaona ni wale walioletwa kwa nguvu, na kutoka kwao akapima bara zima. Kisha vita vya Mau Mau vilipochacha serikali ikamwita huyo huyo aeleze kwa nini watu wamekasirika. Mzee wa kofia akasema kwa sauti ya chini, "Wangeuliza tu." Ndio kauli niliyorudi nayo nyumbani.

Siku ya pili alizungumzia dawa, ile klopromazini waliyoijaribu Paris 1952 kwa wagonjwa wa akili baada ya kuonekana inawatuliza wanaofanyiwa upasuaji. Hapo sikuhitaji kuelezwa. Mjomba anadungwa Modecate, dawa ya jamii hiyo hiyo, kila mwezi, na siku mbili tatu baada ya sindano kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi mpaka chai inaingia kisahanini, naye anaimimina kisahani tena kikombeni, taratibu, bila kusema kitu. Sindano imemsaidia, sibishi, kabla yake tulishamsomea Kurani, tukamnywesha kombe, maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, tukampigia ngoma. Lakini mtetemeko ule ni wake, si wetu.

Akamtaja pia Pussin. Picha zote zinamwonyesha daktari Pinel ndiye anafungua minyororo, lakini katika hospitali ya Bicêtre huko Ufaransa mwaka 1797 aliyeifungua ni Pussin, msimamizi, mtu aliyewahi kulazwa humo humo yeye mwenyewe kwa ugonjwa mwingine. Mi nikawa nafikiria kamba ya dau. Mjomba ana alama za ile kamba mikono yote miwili, na aliyemfunga ni babu, akilia.

Na Lambo wa Nigeria, huko Aro mwaka 1954, aliyewaweka wagonjwa vijijini jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, mchana wanafanya kazi, na waganga wa kienyeji wakashirikishwa. Nilitaka kunyoosha mkono niseme mama yangu alilala siku tisa kwenye korido ya hospitali moja juu ya leso, wakimfukuza kila asubuhi, eti ndugu haruhusiwi. Sikunyoosha.

Nimerudi na halua. Nikamhadithia mama habari za Lambo tangu mwanzo mpaka mwisho, akasikiliza huku anakuna nazi, akasema, "Huyo angekuja hapa asingepata mtu wa kumpangisha nyumba." Mjomba akafungua karatasi, akamega kipande kwa vidole vinavyotetemeka, akatafuna muda mrefu.

"Hii ni ya juzi," akasema.

Kweli, ilikuwa ya juzi.