Kuungama kinyongo kile kile

Kwa muda mrefu niliungama dhambi moja, na nusura niache kabisa kwenda kitubio. Imani ilikuwepo. Nilichoka kujisikia nikitaja jambo lile lile mbele ya padre, kisha nasali Sala ya Kutubu, "basi sitaki kukosa tena", huku nikijua kwamba kaka yangu akipiga simu jioni hiyo sitaipokea.

Chanzo kilikuwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwetu Uchagani, mlimani Kilimanjaro, kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho ndio wanaotazamwa zaidi katika ardhi ya baba. Mimi ni wa katikati. Mzee alipofariki mgawanyo uliniumiza, na sitaeleza zaidi kwa kuwa wahusika tuko hai na tunasalimiana.

Kilichonisaidia kwanza ni kurudi kwa padre yule yule. Wengi tunalikwepa hilo: ukishaungama jambo mara kadhaa, unatafuta parokia ya jirani ambako hujulikani. Naielewa aibu hiyo. Lakini padre asiyekufahamu atakupa neno jema la jumla, basi. Huyu alianza kuniuliza maswali. Safari moja malipizi aliyonipa, yaani tendo la kutimiza baada ya kuungama, yalikuwa haya: "Mwanangu, kila jioni mtaje kaka yako kwa jina mbele ya Mungu. Usimwombee abadilike. Mtaje tu." Nilitoka nikiona ni mepesi mno. Kumbe kuna jioni jina lile lilitoka meno yakiwa yameumana.

Nilipomwambia kwamba moyo wangu bado ni mgumu, alinitenganishia nia na hisia. Nia ya kusamehe naweza kuwa nayo leo, na toba inaidai kweli. Hisia huja kwa mwendo wake, nisizisubiri ndipo nitubu. Maneno hayo yalinibakiza kwenye kitubio.

Nilibadilisha pia namna ya kutafiti dhamiri. Zamani nilisema "nina hasira", nikaishia hapo. Sasa nikawa nataja nilichotenda: nimemsema vibaya mbele ya shangazi, nimefurahi kusikia ng'ombe wake amekufa. Inatia aibu kulitamka hilo la ng'ombe. Ila dhambi ikitajwa ilivyotendeka, hata kupungua kwake huonekana. Ikafika wakati nikagundua kwamba masengenyo ya mbele ya shangazi hayamo tena katika maungamo yangu. Kinyongo kilikuwepo, lakini ulimi ulikuwa umetulia. Nisingetaja hivyo, ningeapa kwamba sijasogea hata hatua moja.

Agizo la kuungama walau mara moja kwa mwaka ni la tangu Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, na wengi tunalitimiza Kwaresima, katika foleni ndefu za Juma Kuu. Ni jambo jema. Kwa dhambi iliyoota mizizi, naliona halitoshi. Mimi nilikwenda kila mwezi.

Katika Luka 13, mwenye shamba anataka mtini usiozaa ukatwe. Mtunzaji anamwomba auache mwaka huo nao, "hata niupalilie, niutilie samadi". Haombi muda wa kukaa na kutazama. Anaomba muda wa kufanya kazi. Mimi ni mtu wa migomba na kahawa, na samadi haijawahi kunionyesha kitu wiki ile ile niliyoiweka. Wanaodhani subira ni kujihurumia katika dhambi, nawasihi wausome mfano huo polepole.

Hakukuwa na siku ya muujiza. Kaka alipiga simu, nikapokea, tukazungumzia mvua. Desemba, watu walipopanda mlimani kwa Noeli, tulikula meza moja. Mpaka wa shamba uko pale pale ulipowekwa.

Bado naungama kila mwezi kwa padre huyo huyo. Siku hizi kinachonisumbua ni uvivu wa kusali, na huo nao nautaja unavyotokea: ni jioni zipi niliiacha sala, na nilikuwa nafanya nini badala yake.