Nilisubiri Eddie Afumbue Jicho

"Mama, mbona ameanguka na hajaguswa?" Binti yangu alikuwa ameinamia simu, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sikuhitaji kusogea kuangalia. Nani mwingine, kama si Eddie Guerrero, yule mwanamieleka wa Marekani? Refa amegeuka pembeni, Eddie anamrushia mpinzani kiti cha chuma, mwenzake anakidaka, naye anajibwaga sakafuni huku ameshika kichwa. Refa akigeuka, anamkuta maskini wa watu kalala na mwenye kiti kasimama. Halafu Eddie anafumbua jicho moja, kidogo tu, kuona kama uongo umekubalika.

Mimi na kaka tulilisubiri jicho lile kuliko mkanda wenyewe. Na mkanda aliupata. Februari 2004, katika ukumbi wa Cow Palace, California, alimvua ubingwa Brock Lesnar, jitu lililomzidi kila kitu kwa mwili. Alipanda juu ya kona, akaruka kama chura, akamwangukia kwa kifua. Kisha akajitupa katikati ya mashabiki huku analia. Huyu ni mtu aliyefukuzwa kazi 2001 kwa sababu ya pombe, akajikusanya, akarudi mwaka uliofuata. Hakuwahi kuficha hayo, na nadhani ndiyo maana tulimpenda hivyo.

Novemba 2005 kaka aliniambia Eddie amekutwa amekufa hotelini Minneapolis, akiwa na miaka 38. Nikamjibu kwamba ni hadithi yao tu. Kwenye mieleka nilishaona mwenzao Undertaker akizikwa na kurudi, kwa hiyo kwa nini huyu asirudi?

Tukaketi kutazama kipindi cha kumuaga. Wanamieleka wote walikuwa wamesimama jukwaani, maadui na marafiki bega kwa bega, wengine wanalia waziwazi. Kisha ikaanza kupigwa kengele ya ulingo, ileile inayofungua na kufunga pambano. Ikapigwa mara moja. Ukumbi mzima kimya. Mlio ukafifia polepole mpaka ukaisha kabisa, ndipo ikapigwa ya pili. Katika kila kimya nilikuwa nangoja. Nilimngoja atokee na lile gari lake la kudundadunda, mabega yakichezacheza, tugundue kwamba ametudanganya sote. Ya nne. Ya tano. Kaka, ambaye kila wiki alinieleza kwamba matokeo hupangwa na mimi nisijisumbue kulia, aliinuka kwenye kiti akasimama wima kama wale wa kwenye runinga. Hakuniangalia. Nami nikasimama. Ilipolia ya kumi, ya mwisho, hakuna aliyetokea, na watu wale wakubwa wakaendelea kulia.

Baadaye ikasemwa kwamba ni moyo. Alikuwa na miaka minne bila kugusa pombe. Linaloniuma mpaka leo ni hilo: alishinda pambano gumu kuliko yote, na mwili ukawa bado unadai madeni ya zamani. Sijui pia niiweke wapi ile miruko niliyoishangilia, maana kila mara alitua kwa kifua chake mwenyewe.

Wiki hiyohiyo walionyesha pambano lake la mwisho, na Mr. Kennedy. Pale pale, kiti kikarushwa, Eddie akajibwaga, refa akampa ushindi. Nikacheka. Kicheko kilinitoka kwa nguvu kabla sijakumbuka kwamba namcheka marehemu, nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Kaka anashikilia mpaka leo kwamba Eddie angefurahi, kwamba kicheko kile ndicho alichokuwa anakitafuta maisha yake yote. Huenda. Mimi bado naona kilitoka mapema mno.