Karatasi ya Major

Mwaka juzi nilinunua mtoto wa mbwa kwenye lupango (kiwanja) moja pale mtaa wa Golf. Wa Kijerumani, wale ambao hapa Lubumbashi tunawaita berger. Muuzaji alikuwa na watoto sita na bei mbili: dola 350 bila makaratasi ya ukoo, dola 600 na makaratasi. Tumbo moja, ziwa moja. Mke wangu akaniuliza kama ni karatasi ndiyo itakayobweka usiku. Lakini mimi nauza vipuri vya magari. Nimezoea kulipia zaidi kitu kikiitwa orijino. Nikatoa 600.

Major akaja na karatasi yenye mhuri, jina refu la Kijerumani lililotushinda kutamka, na nambari ya chipu aliyowekewa chini ya ngozi. Nikaiweka kwenye plastiki pamoja na hati ya kiwanja. Mgeni akija, naitoa. Kuisoma, sikuwahi.

Alipofika miezi tisa akaanza kuchechemea. Asubuhi anainuka kama mzee anayetafuta fimbo yake. Daktari wa mifugo akapitisha kifaa shingoni: tarakimu 15, zote sawa na za kwenye karatasi. Basi muuzaji hakuniibia. Kisha daktari akaomba karatasi yenyewe, akaangalia ule mchoro wa mababu ambao mimi niliuona kama pambo. Babu mzaa baba na babu mzaa mama: jina moja, mbwa mmoja. Na penye majina ya wazazi, pa kuandikia matokeo ya eksirei ya nyonga, patupu.

Ulaya nyonga hupewa daraja, kuanzia A iliyo nzima hadi E iliyoharibika vibaya. Picha rasmi hupigwa mbwa akishatimiza mwaka, kwa hiyo ukinunua mtoto wa wiki nane, unauliza nyonga za baba na mama, maana ubovu huo hurithiwa. Mimi niliuliza anakula nini.

Ukoo wenyewe ni mwembamba tangu mwanzo. Max von Stephanitz alipoanzisha chama chake Ujerumani mwaka 1899, mbwa nambari moja kwenye kitabu cha ukoo alikuwa dume lake Horand, na uzao wake ukapandishwa wenyewe kwa wenyewe ili sura ishike. Babu mmoja kujitokeza pande mbili si ajabu, ila mnunuzi anatakiwa aone kabla ya kutoa pesa.

Mbwa wetu wa zamani, wa kuokota Katuba, aliishi miaka 13 kwa bukari (ugali) na vichwa vya samaki, hana hata kikaratasi cha chanjo (hapo kosa ni langu, parvo, ugonjwa wa virusi, ingeweza kummaliza kwa siku chache). Rafiki zangu wakisikia hivyo wanasema basi makaratasi ni mchezo wa matajiri. Sikubali. Ya Major ilisema kweli tupu, mimi ndiye niliyeipenda kwa mhuri wake. Leo ningeomba kwanza mama wa watoto atembezwe mbele yangu, kisha kitabu cha chanjo, kisha ningekaa kitini nisome mababu taratibu. Na yule wa dola 350? Nyonga zake zimetoka kwa babu yule yule, ila mwenye kumnunua hana pa kusoma.

Juma lililopita jirani alikuja na habari ya jike lake, anatafuta dume. Swali lake la kwanza: "Papa, Major ana makaratasi?"

Nikamwambia anayo, na ndiyo yanayomkataza kuoa.