Gari la Beringi

Mwaka 2009 pale Mwanga, Kigoma, kulikuwa na banda la video ambalo Jumamosi asubuhi liliwekea watoto filamu ya wale panya wanaoimba. Ni kindi, lakini sisi tuliwaita panya na hakuna aliyetusahihisha. Siku hiyo kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinyoosha kidole kwenye skrini, kwa yule baba anayeshinda akifokea "Alvin!"

"Huyu alikuwa bingwa wa ubao wa magurudumu kabla hujazaliwa."

"Acha fiksi, kaka."

Tukawekeana soda. Alikuwa akifanya kazi intaneti kafe mjini, akanipeleka. Video ilisuasua mpaka nikaanza kudai soda yangu. Kisha ikakubali: Jason Lee, yule baba mwenyewe, enzi hizo kijana wa California, kwenye Video Days, video ya wacheza ubao ya mwaka 1991, iliyopigwa na Spike Jonze. Anasukuma, anakanyaga mkia wa ubao, ubao unajizungusha duara zima huku ukipinduka chini ya nyayo zake, halafu miguu inaupokea kana kwamba haukwenda popote. Tulirudia hapo tu, mara tano sita, hadi muda tuliolipia ukakata.

Mengine niliyasoma ukubwani: kwamba 1992 alianzisha kampuni ya mbao za magurudumu, Stereo, na mwenzake Chris Pastras, kwamba 1995 aliingia kwenye filamu ya Mallrats, na filamu nyingine, Chasing Amy, ikampa tuzo ya Independent Spirit. Hayo hayakunihusu siku ile. Mimi nilikuwa na gari la beringi nyumbani.

Gari la beringi hukaliwa, kila mtoto wa Mwanga anajua. Lina beringi tatu, kipande cha mbao na kamba ya kukatia kona. Mimi nililisimamia, juu kabisa ya mteremko wa kushukia stesheni, ziwa likimeta kule chini. Kaka alinisukuma kidogo, eti nipate moto. Beringi zikapiga kelele kwenye lami, mama mmoja mwenye dumu la mawese akaruka pembeni akinitukania ukoo, na kwa muda wa kama miembe mitatu hivi nilikuwa nimesimama. Nimesimama kweli! Kisha beringi ya mbele ikang'ata ufa. Gari likabaki, mimi nikaendelea.

Kaka alinikuta nimekaa mtaroni, ngozi ya kiwiko imebaki barabarani. Soda niliyodaiwa akainunua yeye mwenyewe, akanywa nusu, akanipa iliyobaki. Njiani tukakubaliana la kusema: nilijikwaa nikitoka sokoni.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kiwiko, akamtazama kaka.

"Poleni. Na gari liko wapi?"

Jioni ile maharage yaliivia ubao wangu. Asubuhi nilizikuta beringi jivuni, zote tatu nyeusi. Moja ilikuwa bado inazunguka.