Shtaka la kukwepa nauli: nilivyolikana hadi likaondolewa

Ukipata barua ya shtaka la kukwepa nauli ya treni huku Uingereza, tazama kwanza kifungu. Yangu ya mwaka 2023 ilitaja kifungu cha 5 cha Sheria ya Reli ya 1889, kinachodai ithibitishwe kwamba abiria alikusudia kutolipa. Nia ndiyo kesi yenyewe! Mkaguzi alikuta tu tiketi haifunguki kwenye simu yangu.

Nilikuwa na siku 21 za kujibu. Nilikana shtaka, maana wakati huo ukinyamaza hakimu mmoja aliamua peke yake kwa makaratasi, bila kukuona. Ukikana, ulipangiwa tarehe ya kusikilizwa mahakamani. Nikaomba maelezo ya maandishi ya mkaguzi, nikaambatisha risiti na taarifa ya benki: malipo saa 1:42 asubuhi, treni saa 2:05. Kampuni ikaondoa shtaka kabla ya siku ya kusikilizwa.

Agosti 2024 Jaji Paul Goldspring alitamka kesi za kifungu hicho zilizopitishwa kwa hakimu mmoja kuwa batili, kwani sheria haikuruhusu njia hiyo. Zilikadiriwa kufika 74,000. Kama ulitozwa faini namna hiyo, fuatilia urudishiwe pesa zako.