Mto hauamuliwi kwa tangazo la gazeti

Mimi ni mtoto wa Sagana. Kuongoza boti za mpira nilijifunzia mto Tana, ila mto ulionipa maisha ni Naili ya Jinja, na sipendi kuusikia ukitajwa kwa megawati tu.

Kuna poromoko moja ambalo kila anayefanya kazi hii analiheshimu. Ukiwa ukingo wa mashariki, upande wa Jinja, linaitwa Itanda. Ng'ambo, upande wa Kayunga, wanaliita Kalagala. Sehemu yake kali kabisa hatupitishi wateja. Tunateremka, tunabeba boti mabegani tukizunguka miamba, tunarudi majini kule chini. Ukiwa nchi kavu hapo ndipo unapoona mto huu unavyolisha watu: wavuvi, vijana wanaolipwa kubebea wageni kayaki, kina mama wenye mahindi ya kuchoma. Wengine hawakuja kutafuta pesa. Wamekuja kuomba, maana mahali hapo ni patakatifu tangu enzi za mababu.

Juu zaidi palikuwa na maporomoko ya Bujagali, nayo yalikuwa matakatifu. Bwawa la megawati 250 lililozinduliwa 2012 liliyazamisha. Ili kufidia hasara hiyo, serikali ya Uganda ilikuwa imeshaahidi Benki ya Dunia, kwa mkataba wa 2007, kwamba Kalagala ingehifadhiwa na haingetumika kuzalisha umeme. Kampuni za utalii wa majini zikahamia chini. Tukadhani tumebakiziwa chetu.

Kisha, chini ya Kalagala, likaja bwawa la Isimba, megawati 183. Ujenzi ulianza 2013, na tathmini ya ziada ya kuangalia bwawa hilo lingeathiri vipi eneo la Kalagala ilifanywa kazi ikiwa inaendelea. Hapo ndipo roho yangu inapochafuka. Utafiti unaofanywa mitambo ikiwa imeshaanza kuchimba unawezaje kusema hapana? Isimba ilipozinduliwa 2019, wimbi la Nile Special, lililokuwa likileta wapiga makasia kutoka pande zote za dunia, lilikuwa limeshafunikwa.

Asiyeujua mto hudhani bwawa huharibu pale tu ukuta uliposimama. Sivyo. Ukuta ukiziba, maji hujaa kurudi nyuma, kilomita nyingi kuelekea juu. Poromoko huwepo kwa sababu maji ya juu na ya chini hayako kimo kimoja. Ya chini yakipanda, mto unalala, na hakuna fundi wa kukujengea poromoko jingine. Mradi ukicheleweshwa mwaka mmoja ili watu wasikilizwe, unaweza kuendelea mwaka unaofuata. Poromoko likishazama, hakuna cha kusubiri.

Angalieni mambo ya Uhuru, maporomoko yaliyo jirani na Murchison, yaliyojifungulia njia yake wakati wa mafuriko ya 1962. Juni 2019 mamlaka ya umeme ilitangaza magazetini kuwa kampuni ya Afrika Kusini imeomba kibali cha kuzalisha megawati 360 hapo, ndani ya hifadhi ya taifa. Watu wakapewa siku 30 kutoa maoni. Wenye kampuni za utalii walipiga kelele, na Agosti waziri wa utalii, Ephraim Kamuntu, akasema Baraza la Mawaziri limekataa. Mwaka haujaisha, upembuzi yakinifu ukaruhusiwa. Kelele za Kampala zilisikika kwa sababu Kampala wanasoma magazeti. Mvuvi wa Kayunga angejulia wapi?

Wala si Afrika pekee. Wapiga makasia wa Nyuzilandi wana kidonda chao, mto Waitaha. Mradi wa umeme uliokataliwa na serikali 2019 ulirudishwa kwenye orodha ya sheria ya vibali vya haraka iliyopitishwa Desemba 2024.

Sipingi umeme. Najua giza la kijiji. Lakini bwawa la Karuma, megawati 600, kwenye Naili hiyohiyo, lilizinduliwa Septemba 2024, na vijiji vingi bado vinakaa na koroboi kwa sababu nyaya hazijafika au kuunganishiwa ni ghali. Poromoko jingine likizamishwa, nyaya hizo hazitajivuta zenyewe.

Ninachotaka ni hiki. Kalagala ilindwe kwa sheria ya Bunge, kwa sababu mkataba na mkopeshaji unaweza kuandikwa upya pale mkopo unapobadilika. Tangazo la mradi wowote wa mtoni lisomwe redioni kwa Lusoga na Luganda, na mkutano ufanyike ukingoni, pande zote mbili. Na kibali kisitoke kabla kazi ambazo mto tayari unazitoa hazijahesabiwa.

Hesabu hiyo sisi waongozaji tumeanza kuifanya wenyewe, kijiji kwa kijiji kuteremka kutoka Bujagali: nani anavua, nani anabeba, nani anapika, nani anakodisha vyumba. Kama unajua kuchora ramani au umesomea sheria ya mazingira, njoo Jinja utusaidie. Kwa kulala na kula tutakupokea.