Operkulamu: bamba, mlango na pampu

Kila asubuhi wanunuzi wa samaki Mji wa Kale huinua operkulamu bila kuitaja kwa jina. Ni lile bamba gumu pembeni mwa kichwa cha changu au tasi, linalofunika matamvua. Wengi huita vyote viwili mashavu, na sokoni hakuna anayepotea. Katika maelezo ya kizuolojia mtu hupotea: matamvua ndiyo yanayochukua oksijeni, bamba ni mlango na sehemu ya pampu.

Tena si mfupa mmoja. Iko minne kila upande: operkulamu yenyewe, iliyo kubwa, prioperkulamu mbele yake, sabuoperkulamu na interoperkulamu upande wa chini. Kwa hiyo ukiandika kuhusu miiba, sema iko mfupa upi. Kwa chewa, miiba mitatu bapa iko kwenye operkulamu, na meno ya msumeno yako ukingoni mwa prioperkulamu. Vidole havibagui: miiba na meno, vyote huvikata.

Samaki hupanua kinywa huku kifuniko kimeziba, maji yakaingia. Akifumba, maji hupita kwenye matamvua na kutokea nyuma, kifuniko kikifunguka. Jodari hutegemea mwendo: huogelea kinywa wazi, ndiyo maana akinaswa wavuni hukosa pumzi upesi.

Papa na taa hawana bamba hilo kabisa. Papa wengi wana mipasuo mitano kila upande, wazi. Ya taa iko upande wa chini, kwa hiyo akilala mchangani huvuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho. Konokono wa baharini naye ana operkulamu, kibamba anachozibia mlango wa gome lake, lakini haina nasaba na ile ya samaki. Mimi naona heri kumtaja mnyama kila mara.

Kwenye vipimo, urefu wa kichwa huanzia ncha ya pua hadi ukingo wa nyuma wa operkulamu. Utando laini wa ukingoni ndio unaoleta ubishi: mmoja akiuhesabu na mwenzake akiuacha, takwimu zao hazilinganishiki. Andika umepima vipi.

Kwa mpishi: inua bamba, kata matao ya matamvua juu na chini yanaposhikana na kichwa, uyatoe yote. Yakibaki, damu yake huozesha samaki mapema. Wekundu wake ukififia usimkatae hapo hapo. Maji ya barafu pia huyapausha. Nusa kwanza.